Je, wajua kwa nini bonge la sukari laweza kufundisha utamaduni wa Irani?

Mwalimu wa Lamu anayetaka wanafunzi wake waifahamu Irani anaweza kuwapa ukurasa wenye jina la mji mkuu na mazao ya biashara, nao wakaukariri na kuusahau mtihani unapokwisha. Anaweza pia kuwawashia filamu. Kwa nini njia hii ya pili hushika zaidi? Kusema kwamba picha hupendeza hakutoshi, kwa kuwa sisi wa pwani tumetazama filamu za Kihindi vizazi kadhaa, na wengi wetu tuliambulia nyimbo tu.

Nionavyo, siri iko katika yale ambayo filamu haiyaelezi. Anayewatengenezea filamu watu wa kwao hasimami kufafanua namna wanavyoketi au wanavyokunywa chai. Huyaacha yapite, na mgeni ndiye anayeyashangaa.

Tuchukue Children of Heaven, filamu ya mwaka 1997 ya Majid Majidi. Mvulana wa Tehran, Ali, anapoteza viatu vya dada yake Zahra vikiwa ndiyo kwanza vimetoka kwa fundi, na kwa kuwa wazazi hawana uwezo, ndugu hao wanavaa jozi moja kwa zamu, Zahra akisoma asubuhi na Ali mchana. Jioni moja baba yao ameketi chini akivunjavunja sukari ya msikiti. Zahra anamletea chai, naye anaagiza sukari. Binti anashangaa, kwani sukari imejaa tele mbele yake. Baba anajibu kwamba ile ni ya msikiti, yeye amekabidhiwa tu.

Mtoto wa Lamu hapo hahitaji mfasiri: hiyo ni amana, neno alilolisikia tangu chuoni alikosomea Kurani. Lakini mbona sukari yenyewe ni mabonge? Kwao Lamu chai hupikwa na maziwa, sukari ikakorogwa humo humo, ilhali Wairani wengi hunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, huku wameweka kipande cha sukari mdomoni. Kikombe kimoja kimebeba linalofanana na lisilofanana, na hakuna aliyehubiri.

Kwa hiyo filamu nzima, ya takriban saa moja na nusu, si lazima. Dakika tano zatosha, mara ya kwanza bila sauti wala maandishi ya tafsiri, maana maandishi hayo huyateka macho yote. Wanafunzi wataje kwanza walichokiona, ndipo waseme walichokielewa. Na wakumbushwe kwamba familia moja ya Tehran si Irani nzima.

Mwishoni Ali, miguu ikiwa na malengelenge baada ya mashindano ya mbio, anaitia katika kidimbwi cha uani, na samaki wadogo wa rangi ya dhahabu wanaizunguka. Mwanafunzi wa Lamu akiulizwa samaki hao wana kazi gani, huenda akajibu bila kusita kwamba wanakula viluwiluwi vya mbu, kwa kuwa ndiyo kazi ya samaki wa birika, yaani tangi la maji, katika nyumba za kale za kwao. Mwalimu asilifute jibu hilo. Aliandike upande mmoja wa ubao, na upande wa pili aandike kwamba Wairani hupenda samaki hao kwa pambo, hata huwaweka bakulini mezani wakati wa Nowruz, mwaka wao mpya unaoingia mwezi wa Machi.