Betri inayolingana: ni nini hasa kinachotakiwa kulingana?

Ukipeleka baiskeli ya umeme iliyokufa betri kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, swali la kwanza ni "volti ngapi?" Swali zuri, ila wengi wakishalijibu hudhani wamemaliza. Betri inayolingana si lazima ifanane na ya zamani kwa umbo wala jina. Ni ile ambayo kontrola (kifaa kinachogawa umeme wa betri kwa mota), mota na chaja zinaweza kufanya nayo kazi bila kuumia wala kuigomea.

Volti kwanza, kwa sababu hapo hapana mjadala. Ndani ya kava kuna seli nyingi ndogo. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni ni ya volti 3.6 hivi, na ikijaa hufika 4.2. Seli 10 zikifuatana kwenye mnyororo mmoja hupewa jina la volti 36. Zikiwa 13, 48. Ndiyo maana betri ya 36 iliyojaa husoma 42 kwenye multimita (kipimo cha umeme), na chaja yake huandikwa 42. Ukiichaji kwa chaja ya betri ya 48, inayotoa 54.6, unacheza na moto, na sisemi kwa mafumbo. Kontrola ya 48 ukiipa betri ya 36, itaona chaji imekwisha na kukataa kuondoka. Ukigeuza, yaani betri ya 48 kwa kontrola ya 36, unaweza kuiunguza kontrola. Seli za lithiamu-chuma-fosfati nazo hujaa kwa 3.65, kwa hiyo zina chaja zake.

Ampea-saa, yaani kiasi cha chaji ambacho betri hubeba, ni suala la mfuko wako na safari yako. Zidisha kwa volti upate wati-saa, yaani nishati yote iliyomo: 36 mara 10 ni 360. Barabara tambarare hula takribani wati-saa 10 kwa kilomita, ukisaidia kwa pedeli. Kupanda kuelekea Limuru na mzigo nyuma ni hesabu nyingine.

Hapa ndipo stika hudanganya zaidi. Seli ya aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, hata iliyo bora haizidi sana ampea-saa 3.5. Anayekuuzia yenye 9.9 anakuuzia karatasi. Seli halisi huwa na gramu 45 hadi 50, na betri ya volti 36 na ampea-saa 10 huhitaji angalau seli 30, na zaidi ya hizo kama seli ni za kawaida tu. Ikiwa nzima na kava lake haifiki hata kilo moja na nusu, iache hapo hapo kaunta. Zile zilizounganishwa kutoka betri za laptopu kuukuu mimi ningeziachia tochi.

Kisha kuna saketi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS. Kontrola yako ikivuta ampea 20 na saketi inaruhusu 15, baiskeli itakwenda vizuri tambarare na kuzima mlimani. Watu hulaumu mota bure.

Baiskeli za mitumba zina vituko vyake. Mfumo wa Bosch huzungumza na betri yake, na nyingine haitambuliwi hata volti zikiwa sawa. Baadhi ya saketi za aina hiyo hujifunga fundi akizikata seli ili abadilishe. Nyingi za Japani ni za volti 25 hivi, na chaja ya huko ikiwa imeandikwa volti 100 tu, usiichomeke kwenye soketi yetu ya 240 bila transfoma. Na betri za boda za umeme zinazobadilishwa vituoni? Sahau: ni nzito, volti zake kwa kawaida ni juu mno kwa baiskeli, na kwa kawaida ni mali ya kampuni.

Plagi ndiyo rahisi kuliko yote, fundi hubadilisha kwa dakika chache. Ila rangi za waya zisikuaminishe. Pima chanya na hasi kwa multimita kabla ya kuchomeka.