Riwaya za Kaboi: Ugomvi Wenyewe ni Malisho

“Ni hadithi za kupigana bastola tu.”

Hiyo ni sinema. Shika Shane, riwaya ya Jack Schaefer iliyochapishwa 1949, kisa cha Wyoming, magharibi ya Marekani, mwaka 1889. Kabla risasi haijalia, unasoma kurasa kadhaa za mgeni na mwenyeji wake mkulima wakipambana na kisiki kikubwa kwa mashoka. Kisiki! Msomaji mwenye haraka huziruka kurasa hizo, kumbe ameruka kiini cha kitabu: mtu anayemwaga jasho lote hilo kwa kisiki kimoja, tajiri wa ng'ombe anayeitaka ardhi hiyo atamhamishaje?

“Walioziandika walikuwa makaboi.”

Wapi! Schaefer alikuwa mwanahabari, mzaliwa wa Cleveland, Ohio. Zane Grey alikuwa daktari wa meno New York. Owen Wister alisoma Harvard, akawa mwanasheria Philadelphia.

“Mkulima ndiye mwema, mwenye ng'ombe ndiye mwovu.”

Hapa ndipo penye utamu. Katika Shane ni hivyo. Lakini The Virginian ya Wister, ya 1902, iko upande wa pili kabisa: shujaa wake ni mtu wa ranchi anayeshiriki kuwanyonga wezi wa mifugo, mmoja wao rafiki yake wa zamani. Si ajabu. Wister alipofika Wyoming 1885 alipokelewa kwenye ranchi ya Frank Wolcott, na Wolcott huyo ndiye aliyekuja kuongoza uvamizi wa Johnson County.

Kila upande ulikuwa na la kusema. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za serikali, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Ng'ombe wa matajiri nao walikuwa wakilishwa kwenye ardhi hiyohiyo ya serikali, bila hati, kwa mazoea tu. Ikaja seng'enge ya Joseph Glidden, iliyopewa hataza 1874, na njia za kwenda kwenye maji zikaanza kuzibwa. Anayeijua migogoro ya wakulima na wafugaji ya Kilosa, Tanzania, hahitaji maelezo zaidi, ila Wyoming mwenye mifugo ndiye aliyekuwa na wanasiasa mfukoni.

Aprili 1892 matajiri hao walipeleka Johnson County, huko Wyoming, watu kama 50, karibu nusu yao wapiga bunduki wa kukodi kutoka Texas, wakiwa na orodha ya watu wa kuua. Nate Champion, mfugaji mdogo, walimzingira kwenye kibanda cha KC Ranch. Huku akijibu risasi, alikuwa akiandika kwenye kijitabu yanayomtokea. Walipokichoma moto kibanda akatoka mbio, wakamuua. Wenyeji nao wakawazingira wavamizi TA Ranch, hadi wanajeshi wa serikali walipofika, kuwaokoa wavamizi! Hakuna aliyehukumiwa.

“Angalau ardhi yenyewe haikuwa na mwenyewe.”

Hili riwaya zenyewe ndizo zilizolipanda, kwa kunyamaza. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliiacha nchi ya mto Powder, mashariki ya milima ya Bighorn, mikononi mwa wenyeji wa asili, Walakota na wenzao, na ukamkataza mzungu yeyote kufanya makazi humo bila ridhaa yao. KC Ranch ilikuwa kando ya tawi la mto huohuo. Kutoka mkataba hadi kifo cha Champion ni miaka 24.