Kusoma majibu ya Hisabati si kujiandaa kwa mtihani

Wanafunzi wengi wa Kidato cha Nne huamini kwamba wakipitia maswali yaliyokwisha kokotolewa, na kila hatua ikaeleweka, wako tayari kwa mtihani wa Hisabati. Sivyo. Jicho huikubali hatua kwa sababu imeshaandikwa. Mkono haujawahi kuichagua.

Chukua 2(x − 3) − 3(x − 4) = 5. Ukiisoma kwenye daftari ikiwa imeshakokotolewa, inapita bila shida. Ukiwa peke yako, −3 mara −4 inageuka −12 badala ya +12, na x inakuwa −23 badala ya 1.

Funika jibu, kokotoa kwenye karatasi tupu, kisha linganisha mstari kwa mstari na uzungushie ule wa kwanza uliokosewa. Baada ya siku 3 rudia swali hilohilo bila kuchungulia. Na tafadhali, onyesha njia: hata jibu likikosewa, hatua sahihi huokoa alama.