Ukifuta jina, mtu bado yumo

Juzi tena mteja ameniletea rasimu ya ripoti ya maoni ya wananchi, kifua mbele: "Majina yote nimefuta, hapo hakuna atakayemjua mtu." Nikafungua ukurasa wa tatu. "Mwalimu mstaafu wa kike, miaka 63, analima parachichi juu ya chanzo cha maji, anapinga mradi." Haya, katika kijiji kimoja cha Rungwe, akina mama wa namna hiyo wako wangapi? Mtoto aliyetumwa chumvi dukani angekupeleka hadi mlangoni kwake.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote. Mtu hatambuliki kwa jina peke yake. Kazi, umri na shamba lilipo, ukivikusanya, vinamtaja. Mwaka 2000, mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo vingetosha kumtofautisha Mmarekani mmoja na wengine, kwa takriban asilimia 87 ya watu. Kwenye kitongoji cha kaya sitini, hata hiyo tarehe huihitaji. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo haikuishia kwenye jina: elimu, ajira, anwani na alama za vidole vyote vimetajwa.

Kwa hiyo umri uweke kwa makundi. 63 iwe "zaidi ya 50". Shamba liwe "upande wa juu wa kijiji". Kundi likibaki na watu chini ya watano, liunganishe na jingine. Na nukuu, jamani! Mzee anayefunga kila sentensi kwa methali ya Kinyakyusa anajulikana hadi kata ya pili. Andika hoja yake kwa maneno yako.

Wateja huniambia na haya: "Mkutano wa maoni ulikuwa wa hadhara, siri iko wapi?" Kusema mbele ya majirani ni jambo moja. Kuwekwa na namba yako ya simu kwenye kiambatisho kitakachomfikia mwekezaji ni jingine kabisa.

"Sheria ni ya kompyuta, sisi tunatumia karatasi." Inahusu taarifa zilizorekodiwa kwa namna yoyote. Daftari la mahudhurio limo.

"Majina nimeyaziba kwa boksi jeusi kwenye kompyuta." Mara nyingi maneno bado yako chini yake: nakili, bandika, majina yote hayo. Futa maneno yenyewe kabla ya kutengeneza nakala ya kusambaza.

"Tuwaahidi siri kabisa." Usiahidi. Mahakama ikiamuru utoe, utatoa.

Mimi hutumia karatasi mbili: ya mahudhurio yenye jina na sahihi, anayoitaka mhasibu kwa ajili ya posho, na ya maoni yenye namba tu. Orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani naifungia kabatini. Na mtendaji wa kijiji asikae meza ya kupokelea maoni. Akitaka chai, apelekewe huko aliko.