Sauti Mbili za Arvo Pärt

Kila mwanafunzi anayefungua kwa mara ya kwanza karatasi ya nota za Für Alina, kipande cha piano alichokitunga Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, mwaka 1976, hushangaa. Hakuna alama ya mapigo. Nota hazina mikia. Karatasi nzima ni nyeupe kuliko nyeusi, na juu yake kuna maneno ya Kijerumani yanayomtaka mpigaji atulie na kusikiliza ndani ya nafsi yake. Aliyejifunza piano kwa miezi michache anaweza kubonyeza nota zote bila kukosea. Ndiyo maana swali tunaloulizwa zaidi katika idara yetu kuhusu mtunzi huyu ni hili: kama ni rahisi hivi, ukubwa wake uko wapi?

Nitalijibu kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu urahisi huo ulimgharimu Pärt miaka minane ya maisha yake.

Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1935 mjini Paide, Estonia, akakulia Rakvere. Piano ya nyumbani kwao ilikuwa imeharibika sehemu ya katikati, hivyo mtoto akawa anachezea zaidi juu kabisa na chini kabisa. Sina desturi ya kutafuta dalili za ukubwa katika utoto wa watu, lakini hii siwezi kuipita: Für Alina inaanza kwa nota moja nzito ya chini kabisa, kisha mikono yote miwili inapanda juu, na katikati hakuna kitu.

Alisomea utunzi Tallinn, mji mkuu, kwa mwalimu Heino Eller, akahitimu mwaka 1963, huku tayari akifanya kazi ya fundi sauti katika Redio ya Estonia. Nchi ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, na watunzi walitarajiwa kuandika kwa namna iliyokubalika. Yeye hakuandika hivyo. Kazi yake ya okestra iitwayo Nekrolog, ya mwaka 1960, ilitumia mtindo wa nota kumi na mbili, ambamo nota zote kumi na mbili, nyeupe na nyeusi za piano, hupangwa katika mstari mmoja na hakuna inayoruhusiwa kuwa kuu kuliko nyingine. Wakubwa wa muziki huko Moscow waliikaripia. Mwaka 1968 likaja zito zaidi. Credo, ya kwaya, piano na okestra, iliimba waziwazi kwa Kilatini kwamba mtunzi anamwamini Yesu Kristo. Kondakta Neeme Järvi aliiongoza Tallinn, ukumbi ukasisimka, na baada ya hapo ikazuiwa kupigwa.

Kisha ikafuata ile miaka minane ya kimya cha karibu kabisa. Watu wengi hudhani kilichomnyamazisha ni marufuku hiyo. Mimi naona kuna jambo jingine lililokuwa zito kuliko marufuku. Ndani ya Credo yenyewe, utulivu wa Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani ambaye Pärt anamnukuu, unagongana na vurugu za okestra mpaka kila kitu kinavunjika. Baada ya vurugu zile hakuwa na lugha aliyoiamini. Alitunga muziki wa filamu ili aishi, akaandika Simfonia ya Tatu mwaka 1971, lakini kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa kwenye daftari. Alirudi kwenye nyimbo za kale za kanisa, zile za sauti moja zisizo na ala. Alikuwa akisoma zaburi, kisha anaandika mstari wa sauti moja, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayejifunza upya kutembea. Mwaka 1972 alimwoa Nora, na mwaka huohuo akaingia Kanisa la Orthodoksi. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja alimuuliza mfagiaji wa barabara ni vipi mtunzi anapaswa kuandika muziki. Mfagiaji akamjibu kwamba lazima aipende kila sauti, moja moja.

Kilichozaliwa baada ya hapo alikiita tintinnabuli, kutoka neno la Kilatini la kengele ndogo. Anayesoma sulfa, yaani nota za do, re, mi, ataielewa mara moja. Kuna sauti mbili tu. Ya kwanza ni mtembezi: inapanda na kushuka katika ngazi ya muziki. Ya pili haina uhuru huo. Imefungwa kwenye nota tatu za kordi moja, yaani nota zinazopatana zikilia pamoja: la, do na mi, na kila mara mtembezi anapokanyaga nota, yenyewe hushika ile iliyo karibu naye zaidi upande wa chini. Wakati mwingine zinapatana vizuri, wakati mwingine zinasuguana kwa nusu hatua na unahisi mkwaruzo mdogo sikioni. Nora aliueleza uhusiano huo kwa hesabu: moja jumlisha moja ni moja.

Katika Für Alina kanuni hiyo inavunjwa mara moja tu. Vifungu vimekuwa vikirefuka kwa nota moja moja, vimeanza kufupika tena, na ghafla mkono wa kushoto unaiacha kordi na kugusa ti. Pale kwenye nota hiyo Pärt alichora ua dogo. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kipande hiki. Ukiwa umepiga nota zote zilizotangulia kwa uzembe, ua lile halisikiki. Ukiwa umezilinda, nota moja inatikisa chumba kizima.

Mwaka uliofuata mlango ulifunguka wazi: Fratres, Cantus in Memoriam Benjamin Britten, na Tabula rasa kwa fidla mbili, okestra ya nyuzi na piano iliyopachikwa vyuma katikati ya nyuzi zake ili ilie kama kengele. Wanamuziki walipoletewa nota za Tabula rasa waliuliza: muziki uko wapi? Ni swali lilelile la wanafunzi wetu. Walipoipiga Tallinn mwezi Septemba 1977, Gidon Kremer akiwa mmoja wa wapiga fidla, walijibiwa.

Mwaka 1980 Pärt na familia yake waliondoka, wakafikia Vienna, kisha wakahamia Berlin. Manfred Eicher, mwenye kampuni ya kurekodi muziki ya ECM, aliusikia muziki huo redioni akiwa garini, na mwaka 1984 akatoa albamu ya Tabula rasa iliyompeleka mtunzi huyu duniani kote. Kazi kubwa za kwaya zilifuata, kama Passio na Kanon Pokajanen, ambamo maneno ndiyo yanayotawala: urefu wa neno na alama za vituo ndivyo vinavyoamua wimbo uende wapi na unyamaze wapi. Siku mbili baada ya mashambulizi ya treni mjini Madrid mwaka 2004 alianza kuandika Da pacem Domine. Tuzo zimekuwa nyingi, ile ya muziki ya Polar, ya Sweden, ya mwaka 2023 ikiwamo. Estonia alisharejea kuishi, na daftari zake zinatunzwa katika kituo chenye jina lake huko Laulasmaa, katikati ya misonobari, ambacho jengo lake lilifunguliwa mwaka 2018.

Wengi wanamfahamu kupitia wimbo wake wa ala Spiegel im Spiegel, kwa sababu filamu nyingi zimeutumia kwenye matukio ya msiba. Nasikitika kidogo kwa hilo. Muziki ule umejengwa juu ya do, mi, so, kordi ya furaha, na wala hauombolezi.

Kwa anayetaka kuanza, ninashauri Cantus. Ni dakika sita hivi, nyuzi na kengele moja. Fidla zinaanza kwenye nota za juu sana, kwa sauti ndogo, zikishuka ngazi ya la. Kundi linalofuata linashuka ngazi hiyohiyo kwa mwendo wa nusu, linalofuata nusu ya hiyo, mpaka besi, ambazo mwendo wake ni wa polepole mara kumi na sita kuliko wa fidla. Wote wanateremka mlima mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake, na kila anayefika chini anabaki pale akisubiri, huku sauti ikizidi kujaa. Besi zinapofika mwisho, kengele inagongwa kwa upole chini ya mlio huo mkubwa, na huwezi kuisikia ikigongwa. Kisha nyuzi zinakatika kwa pamoja. Usizime. Kengele ilikuwa inalia muda wote, na ndani ya mlio wake kuna nota nyembamba ambayo hakuna aliyeipiga, do iliyopandishwa nusu hatua, ile inayoigeuza kordi ya huzuni kuwa kordi ya furaha.