Je, wajua kwa nini mtu akipotea, mtandaoni "muuaji" hupatikana kabla ya aliyepotea?

Kuna kijana wa hapa Kigoma aliingia ziwani jioni moja kuvua migebuka kwa ndoano na hajarudi mpaka leo. Nimebadilisha mawili matatu ili familia yake isijulikane, lakini kiini ni hiki: alikuwa aende na mwenzake, mwenzake akasema anaumwa, akaenda peke yake. Kesho yake mchana wavuvi wakauokota mtumbwi ukielea mtupu upande wa kaskazini, kuelekea Gombe. Kasia moja lilikuwa ndani, la pili halikuonekana.

Mtumbwi haujafikishwa Kibirizi, kundi la WhatsApp la mtaa wetu lilikuwa na majibu matatu. La kwanza: ana madeni, amekimbilia Kongo. La pili: maharamia wa ziwani wamemvamia. La tatu: muulizeni huyo aliyejifanya mgonjwa. Kufika usiku, mawili ya kwanza yalikuwa yamezimika yenyewe. La tatu lilikuwa limeshavuka mtaa na kufika Gungu na Ujiji, na watu ambao hawakuwahi kumwona yule kijana wakawa wanatuma sauti za dakika tatu tatu kueleza ugomvi wake na rafiki yake.

Kwa nini lilishinda la tatu? Naona ni kwa sababu lilikuwa na jina la mtu. Deni halina sura, na maharamia hujui wanakaa wapi. Rafiki anajulikana nyumba yake, na ukipita unaweza kumtazama.

Mtu wa mkoa huu hapaswi kushangaa, kwa kuwa jambo lenyewe tunalijua kwa jina jingine: ramli chonganishi. Ukienda kwa mganga wa aina hiyo kuuliza mwanao yuko wapi, hakwambii yuko Kalemie au Uvira, maana hapo angeweza kuumbuka. Anakwambia: "Ni mtu wa karibu. Mmekula naye wiki hii. Ni mwembamba, na ana maneno matamu." Basi. Jina unalitia wewe mwenyewe ukiwa njiani kurudi nyumbani, na kwa kuwa umelipata mwenyewe, unaliamini kuliko ambavyo ungeliamini kama angekutajia. Vijiji vya Kigoma vimeshaona kamchape wakizunguka kwa madai ya kufichua wachawi, na watu wakabaki na nyumba zilizobomolewa. Sasa msome yule anayeandika kwenye kundi: "Siri iko kwa mtu wa karibu, siongezi neno." Tofauti yake na mganga ni bando tu.

Tena tuna methali ya kumkinga mwandishi huyo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa watu sentensi za taarifa za kawaida, nyingine za kweli na nyingine za uongo, kwa awamu zilizopishana wiki kadhaa. Sentensi zilizorudiwa ziliaminika zaidi kila zilipokuja, hata zile za uongo. Masikio yalikuwa yamezizoea, hakuna zaidi. Kwenye simu sauti moja hukufikia kutoka makundi sita, nawe ukahesabu mashahidi sita.

Kisha ikaja "hoja ya kitaalamu". Mtu mmoja aliyeko Dar es Salaam aligundua kwamba simu ya kijana ilizimika saa tatu usiku. "Jiulizeni, kwa nini saa tatu?" Mtoto yeyote wa Kibirizi angemjibu: mvuvi wa ndoano akifika anapovua huizima simu kutunza chaji, anaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowane. Ni jambo la kila usiku. Ila mtu asiyejua kila usiku kukoje, kila kitu kwake ni dalili. Hapo ndipo wapelelezi wa mbali wanapoangukia: vipande wanavyo, lakini hawajui kipi kati ya vipande hivyo ni cha kawaida.

Hoja iliyowamaliza watu kabisa ilikuwa hii: kama alizama, mbona mwili haukuelea? Inasikika nzito mpaka ulijue ziwa. Mwili uliozama huelea kwa sababu ya gesi zinazotengenezwa unapoanza kuoza. Maji nayo yanabana: kila mita 10 unazoshuka huongeza mbano unaolingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 200 gesi ile inabanwa hadi karibu moja ya ishirini ya ukubwa ambao ingekuwa nao juu, na haina tena nguvu ya kuinua kitu. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na sehemu nyingi sakafu yake inashuka ghafla, hatua chache tu kutoka ufukweni. Tena lina urefu wa kilomita zaidi ya 600 na linamilikiwa na nchi nne. Anayeibukia upande wa Kongo au Burundi anaweza kuzikwa na watu wema wasiojua kwamba huku anatafutwa. Hayo hayathibitishi kwamba alizama. Yanaonyesha tu kwamba "hakuelea" haimfungi mtu yeyote kitanzi.

Ajabu ni kwamba mji huu ndiko iliko hadithi kubwa kuliko zote za mtu aliyepotea. Pale Ujiji, kwenye makumbusho yenye miembe, watalii hupiga picha mahali mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871. Sehemu ninayoipenda mimi haipigwi picha, kwa sababu ilianza miaka mitano kabla.

Desemba 1866 wapagazi wa Livingstone kutoka Anjouan, katika visiwa vya Komoro, waliingia Unguja wakiongozwa na mtu aitwaye Musa. Habari yao: bwana ameuawa na Wangoni ng'ambo ya Ziwa Nyasa, amepigwa shoka, nasi tukamzika. Maelezo yalikuwa kamili, yana silaha, yana kaburi. Wakubwa wa ubalozi wa Uingereza pale Unguja waliamini, na Machi 1867 magazeti ya London yakamlilia. Kumbe wapagazi walimtoroka akiwa mzima wa afya, wakahitaji maneno ya kueleza kwa nini wamerudi bila yeye.

Aliyetia shaka ni E. D. Young, baharia aliyekuwa amefanya kazi na Musa huyo huyo kwenye mto Zambezi, akamjua alivyo. Angeweza kuandika barua ndefu gazetini. Alichofanya mwaka 1867 ni kuchukua boti ya chuma inayofunguka vipande vipande, watu wakaibeba kupita maporomoko ya mto Shire, wakaiunga upya, akazunguka Ziwa Nyasa akiwauliza wenyeji walimwona nani, lini, akielekea wapi. Wakamwambia alipita hapa, yu hai, akaenda mbele sana kupita pale Musa aliposema amezikwa. Mwanzoni mwa 1868 Young alikuwa amesharudi kwao na jibu.

Baada ya hapo Livingstone akanyamaza tena, na uvumi ukaanza upya. Hakunyamaza kwa kweli. Barua nyingi alizoandika zilipotelea njiani kabla ya kufika pwani. Na hapa ndipo huwa nacheka peke yangu: wakati London wanabishana kama yu hai, watu wa Ujiji walikuwa wanamwona kwa macho. Alifika Machi 1869, akavuka ziwa kwenda Manyema, akarudi Oktoba 1871 amedhoofu, akakuta mali yake imeuzwa. Kwa muuza samaki wa Ujiji hakuwahi kupotea hata siku moja. Stanley mwenyewe hakuhitaji nadharia alipokaribia: alikutana njiani na msafara uliotoka Ujiji, akauliza, akaambiwa kuna mzungu mzee mwenye mvi amefika karibuni.

Mwisho wake ndio unaonifundisha zaidi. Livingstone alikufa Mei 1873 huko iliko Zambia leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu. Walipofika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike palepale. Wakakataa, wakaendelea hadi pwani. London ikaanza kujiuliza: tutajuaje kama ni yeye? Daktari William Fergusson akaushika mkono wa kushoto, akapapasa mfupa wa juu, akakuta pale ulipovunjwa na simba mwaka 1844 na ambapo haukuunga sawasawa. Mjadala ukaisha. Miaka saba ya maneno ilifungwa na mfupa mmoja.

Usidhani basi kwamba wasio polisi hawana kazi. Marekani kuna maiti ya msichana iliyookotwa Kentucky mwaka 1968 ikiwa imefungwa ndani ya turubai, ikazikwa bila jina. Miaka 30 baadaye Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani, alikuwa akikaa usiku kwenye kompyuta akilinganisha matangazo ya waliopotea na maelezo ya maiti ile: umri, urefu, nywele, mwaka. Mwaka 1998 akakutana na tangazo la ndugu waliokuwa wakimtafuta dada yao. Akalipeleka kwa wenye mamlaka, kaburi likafukuliwa, vinasaba vikalingana. Msichana akapata jina lake. Ona alichokuwa anakitafuta: alitaka kumjua aliyekufa ni nani. Hakuanza na nani alimuua.

Hata ndege ya Malaysia, MH370, iliyotoweka Machi 2014 na watu 239, ilitafutwa na mamilioni ya watu wa kujitolea wakikodolea picha za setilaiti, na hakuna aliyeiona. Kipande cha bawa lake kilikuja kuokotwa Pemba, Juni 2016, kimeletwa na bahari.

Upande mbaya nao upo. Aprili 2013, baada ya mabomu ya Boston, Marekani, wapelelezi wa mtandaoni walilinganisha picha na kutangaza kwamba mshambuliaji ni mwanafunzi fulani aliyekuwa amepotea mwezi mmoja kabla. Familia ilikuwa ingali inamtafuta, ikaanza kumiminiwa matusi. Hakuhusika kabisa, alikutwa mtoni, amekufa.

Halafu kuna uharibifu usioonekana, ule wa kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", jingine "yaliposagana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Wa "gongana" waliosema waliviona walikuwa 7 kati ya 50. Wa "sagana" walikuwa 16 kati ya 50. Neno moja tu. Sasa chukua shahidi wa Kibirizi aliyewaona marafiki wawili wakizungumza jioni ile, msikilizishe siku nne za sauti kuhusu "ule ugomvi", kisha mpeleke kituoni akaandike maelezo. Unadhani ataandika aliona nini? Mimi nilimsikia mmoja, siku ya kwanza akisema walikuwa wanacheka.

Wanaoumia zaidi hawaandiki chochote kwenye kundi. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuchunguza huzuni ya aina hii, ya mtu asiyejulikana kama yupo au hayupo, akaona kwamba haitulii kama misiba mingine. Huku kwetu tunaiona wazi: matanga hayawekwi, arobaini haihesabiwi kwa kuwa hujui uanzie siku gani, na mke haambiwi eda. Sheria ya Tanzania inaruhusu mtu ambaye kwa miaka mitano hajasikika na wale ambao wangetarajiwa kumsikia achukuliwe kuwa amefariki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka mitano ya kuingia kundini kila asubuhi na kukuta mgeni ana "taarifa mpya" ni mirefu.

Yule rafiki aliyeumwa alihama. Yuko Kaliua, mkoani Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku. Kabla hajaondoka alituma kundini picha ya karatasi ya zahanati ya siku ile: tarehe, kipimo cha malaria, dawa mseto alizopewa. Nilifurahi nilipoiona. Dakika mbili baadaye mtu akajibu, "Hizo zinanunuliwa," na wengine kumi na moja wakaweka dole gumba.

Mama wa kijana alijitoa kwenye kundi siku hiyohiyo. RB, karatasi ya taarifa aliyopewa polisi, ameikunja ndani ya mfuko wa simu. Boti kutoka Kongo zikiingia, huteremka Kibirizi kuwauliza mabaharia, na swali lake halibadiliki. Haulizi nani alifanya nini. Anauliza kama huko kwao kuna mtu yeyote, mzima au maiti, mwenye kovu la ndoano chini ya kidole gumba cha kulia.