Mvua, fataki na nyundo: sheria za tanakali za sauti katika Kichina

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kichina huonywa mapema kuhusu toni nne, yaani viwango vya sauti vinavyobadili maana ya neno, na maelfu ya alama za maandishi, lakini ni nadra kuambiwa kwamba liko eneo moja ambalo lugha yake mwenyewe imekwisha kumwandaa. Eneo hilo ni la tanakali za sauti. Mtu anayesema kwamba mtungi umetumbukia kisimani chubwi, kwamba gunia limeanguka pu, au kwamba msafiri amelowa chapachapa, hana haja ya kufundishwa kuwa mlio unaweza kuwa neno kamili lenye kazi yake katika sentensi. Anachohitaji kufundishwa ni sheria, kwa sababu tanakali za Kichina, ambazo wanasarufi wa huko huziita xiàngshēngcí au nǐshēngcí, zimepangwa kwa utaratibu thabiti kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Nimejishughulisha na fonolojia, yaani mpangilio wa sauti, ya lugha hii kwa miaka mingi, na sijaona sehemu nyingine inayodhihirisha wazi kiasi hiki kwamba katika Kichina sikio hutangulia na maandishi hufuata. Nitakachokieleza ni Kichina Sanifu, ambacho matamshi yake yamejengwa juu ya yale ya Beijing, na Kikantoni cha kusini nitakiita kila ninapohitaji shahidi.

Sheria ya kwanza inahusu toni. Kati ya toni nne za Kichina Sanifu, tanakali za mazungumzo ya kila siku huelemea mno toni ya kwanza, ile iliyo juu na isiyoyumba. Mvua kubwa ni huāhuā au huālālā, radi ni hōnglōnglōng, kengele ni dīngdāng, nyuki ni wēngwēng, mbwa ni wāngwāng, paka ni miāo, na kitu kinachotumbukia majini ni pūtōng. Mwelekeo huu una nguvu kiasi cha kuyapindisha maneno yenyewe. Alama 哗 inapomaanisha kelele za watu, kama katika neno xuānhuá, husomwa kwa toni ya pili, huá. Inapoiga mmiminiko wa maji husomwa huā. Alama 隆 kwa kawaida ni lóng, lakini ikiwa ndani ya ngurumo ya radi hugeuka lōng.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mtu anayeijua historia ya lugha. Maneno ya Kichina cha kale yaliyoanza kwa konsonanti kama m, n na l, na yaliyokuwa na toni tambarare, yaliishia katika toni ya pili ya Kichina Sanifu cha leo. Ndiyo maana silabi zinazoanza na konsonanti hizo na kubeba toni ya kwanza ni chache, na nyingi kati yake ni maneno ya nyumbani kama māo, yaani paka, au lā, yaani kuvuta. Tanakali haziutii mpaka huo. Miāo wa paka, mōu wa ng'ombe, miē wa kondoo na mbuzi, pamoja na lālā na lōnglōng za mvua na radi, zimejazana mahali ambapo mabadiliko ya kihistoria yalipaacha karibu patupu. Kwangu mimi huu ni ushahidi kwamba tanakali hazikurithiwa tu kama maneno mengine, bali ziliendelea kuundwa upya kutokana na masikio ya wasemaji wa kila kizazi.

Sheria ya pili ni ya irabu, na hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi. Mlio unapotajwa kwa silabi mbili zenye konsonanti moja ya mwanzo, irabu nyembamba i hutangulia na irabu nyingine, aghalabu a iliyo pana, hufuata: saa ya ukutani hulia dīdā, vyuma vinavyogongana hulia dīngdāng, kuni zinazoungua hulia pīpā. Mpangilio huo haugeuzwi, na hakuna Mchina atakayesema dādī au dāngdīng kwa milio hiyo. Kutoka hapo lugha huunda tanakali za silabi nne kwa kupachika konsonanti l baada ya kila silabi na kurudia irabu yake. Pīpā inakuwa pīlipālā, mlio wa fataki za Mwaka Mpya, na pia wa mvua ya mawe juu ya bati, wa shanga za abakasi, yaani fremu ya kuhesabia, na siku hizi wa vidole vinavyokimbia juu ya kibodi. Dīngdāng inakuwa dīnglingdānglāng, mlio wa sufuria na vijiko vinavyogongana ovyo. Milio ya silabi mbili huwa ya mpangilio, na ya silabi nne huwa ya fujo, ya vitu vingi vinavyolia kwa pamoja bila kungojana.

Kuna tanakali mbili zinazoonekana kuivunja sheria hii, na nawaomba wasomaji wazitazame kwa makini. Ya kwanza ni xīlihuālā, inayotumika kwa mvua ya kumwagika, kwa vigae vya mchezo wa mahjong vinapochanganywa mezani, na kwa ukuta unaoporomoka. Ya pili ni jīligūlū, ya tumbo linalonguruma au ya mtu anayeongea lugha usiyoielewa. Nusu ya kwanza huanza na x na ya pili na h. Kisha j na g. Kwa nini konsonanti hazifanani? Jibu ni kwamba zilifanana. Katika Kichina Sanifu, sauti za g, k na h zilipokuwa mbele ya irabu i zililainishwa na kusogea kwenye kaakaa, zikawa j, q na x. Msomaji wa Kiswahili anaujua ukaakaaishaji kutokana na lugha yake, kwa kuwa ndio unaofanya kiambishi ki- kikikutana na -ake kitoe chake na si kiake. Kikantoni hakikupitia badiliko hilo, ndiyo maana alama inayosomwa xī Beijing husomwa hei Hong Kong, na ile inayosomwa jī husomwa gei. Tukirudisha konsonanti mahali pake, xīlihuālā inakuwa hi-li-hua-la, na jīligūlū inakuwa gi-li-gu-lu, na utaratibu unaonekana tena bila dosari. Zoezi hili napenda kulifanya na wanafunzi kwa sababu historia ya lugha nzima inasikika ndani ya tumbo lenye njaa.

Kikantoni kinatusaidia pia kuhusu miisho ya silabi. Milio yenye mwangwi, kama ya chuma, ngoma au mlango mzito, katika Kichina Sanifu huishia kwa king'ong'o ng: dīng, dāng, dōng, pēng, hōng. Milio mikavu inayokatika ghafla ilikuwa na miisho yake pia, yaani p, t na k, lakini Kichina Sanifu kiliipoteza. Dīdā ya saa, ambayo leo inaelea bila kufungwa, kwa Kikantoni huanza na dik na kumalizikia na daap, na kila silabi inafungwa kama mlio wenyewe unavyofungwa.

Maandishi yalilazimika kuukimbilia utajiri huu. Njia ya kawaida ilikuwa kuchukua alama yenye matamshi yanayokaribiana na mlio na kuiongezea upande wa kushoto kijialama cha mdomo, 口, kinachomwambia msomaji asitafute maana bali asikilize. Ndivyo zilivyopatikana 叮 dīng, 啪 pā, 嗡 wēng na 咕 gū. Mlio wa kondoo, 咩, ni mdomo ulioandikwa kando ya alama ya kondoo mwenyewe. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni 乒乓, pīngpāng, jina la mlio na pia la mchezo wa mpira wa meza. Chanzo chake ni alama 兵, bīng, yaani askari, ambayo chini yake ina miguu miwili. Ondoa mguu wa kulia upate 乒, ondoa wa kushoto upate 乓. Hapa askari hana kazi yoyote ya kimaana. Ameazimwa kwa sababu ya sauti yake, na alama mbili zinazotazamana zinaonyesha pigo la upande huu na pigo la upande ule.

Waandishi wa kale hawakuwa na haja ya kijialama cha mdomo kila mara. Katika Shījīng, mkusanyiko wa mashairi 305 ambayo ya kale zaidi huwekwa katika karne ya 11 kabla ya Kristo, shairi la kwanza kabisa linaanza na mlio: guānguān, sauti ya ndege wa majini walio kwenye kisiwa cha mtoni. Shairi jingine linasikilizisha shoka linalokata mti, zhēngzhēng, na ndege wanaojibizana, yīngyīng. Alama ya mlio huo wa shoka ni 丁, ambayo kwa kawaida husomwa dīng, lakini katika mstari huu mapokeo yameshikilia zhēng.

Katika mkusanyiko huohuo kulungu wa nyikani wanaitana yōuyōu huku wakila mimea ya porini, na ubeti mmoja unautaja mmea uitwao hāo. Mwaka 1930 mzazi mmoja wa mji wa Ningbo alimwita bintiye Youyou kutokana na mlio huo. Binti huyo ni Tu Youyou, mwanasayansi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, dawa inayotolewa katika mmea uitwao qīnghāo, wa jamii ya mmea uleule unaotajwa katika ubeti. Mgonjwa wa malaria anayepewa dawa mseto katika zahanati ya Tanzania au Kenya anatibiwa kwa kiungo kilichotokana na kazi ya mwanamke ambaye jina lake ni sauti ya kulungu. Sijui tanakali nyingine yoyote duniani iliyosafiri mbali hivyo.

Tanakali za kale huleta pia mabishano ambayo hayajaisha. Shairi la Mulan, msichana anayekwenda vitani badala ya baba yake, linaanza na jījī fù jījī, jījī na tena jījī, na Mulan ameketi mlangoni akifuma. Mtu wa kawaida atasema ni mlio wa mtambo wa kufumia. Lakini mistari inayofuata inasema kwamba mlio wa mtambo hausikiki, kinachosikika ni msichana anayeshusha pumzi kwa huzuni, kwa hiyo wataalamu wengine wanashikilia kwamba jījī ni huzuni yenyewe. Mimi naona mtambo ulilia kwanza, kisha ukanyamaza, na shairi linatufanya tusikie kunyamaza huko. Mshairi Bai Juyi naye, katika shairi lake la mwaka 816 kuhusu mwanamke mpiga pípá, ala ya nyuzi inayofanana na udi, anasema nyuzi nene zililia cáocáo kama mvua ya haraka, na nyembamba qièqiè kama mnong'ono wa siri. Katika zama zake qiè iliishia na t, kwa hiyo wasikilizaji wake walisikia silabi iliyokatika mara mbili, kavu na ya karibu, baada ya uzito wa cáocáo.

Katika sentensi tanakali huungwa kwa njia chache. Iliyo muhimu kwa mwanafunzi ni kuongeza yī shēng, mlio mmoja, kabla ya kitenzi: chura pūtōng yī shēng akarukia majini. Kiswahili kwa kawaida hukiweka chubwi baada ya kitenzi. Kichina hutanguliza mlio, kisha kikaeleza kilichotokea. Tofauti hii ni ndogo kuitaja na ngumu kuizoea. Pia, kama ambavyo jii na pe za Kiswahili haziigi sauti bali huchora hali, Kichina nacho huchukua mlio na kuufanya picha: sōusōu ni upepo unaopita kwa kasi, na lěngsōusōu ni baridi inayopenya hadi mifupani, hata kama upepo wenyewe hausikiki.

Mlio mmoja unaweza kubeba mambo ambayo jicho lisingeyaweka pamoja. Shāshā ni manyunyu juu ya majani, ni nyayo kwenye mchanga, ni kalamu juu ya karatasi, na ni viwavi wa hariri wanapokula majani ya mforosadi. Wafugaji wa viwavi huujua mlio huu vizuri, kwa kuwa maelfu ya taya ndogo zikitafuna kwa wakati mmoja chumbani, mtu aliye nje ya mlango anaweza kudhani mvua nyepesi imeanza. Kinachoviunganisha vyote ni msuguano mwembamba usio na pigo, na silabi shā haina pigo pia.

Milio mingine imekwisha kuwa majina. Nyenje ni qūqu, panzi mkubwa anayefugwa vizimbani kwa ajili ya wimbo wake ni guōguo, na kekeo ni bùgǔ, jina ambalo wakulima hulisikia kama agizo kwa kuwa alama zake husomeka pia kama "panda nafaka". Tramu za Hong Kong, zilizoanza kazi mwaka 1904, wakazi huziita dingding kutokana na kengele yake.

Uundaji haujakoma. Mwaka 2015 tangazo la zamani la Jackie Chan lilihaririwa kwa mzaha na kusambaa katika mtandao wa China, na kutoka ndani yake likaibuka neno duang, mlio wa kitu kinachodunda na kutokea ghafla kwa mbwembwe. Silabi hiyo haimo kati ya silabi takriban 400 za Kichina Sanifu, ingawa d, u na ang zote zimo, na kila mzungumzaji aliitamka bila shida. Kwa kuwa haikuwa na alama, watu waliibuni kwa kupandanisha alama mbili za jina la Kichina la mwigizaji huyo, 成 juu na 龙 chini. Kompyuta hazikuweza kuichapa, kwa hiyo mamilioni ya Wachina wakaliandika neno hilo kwa herufi za Kilatini, katikati ya sentensi za Kichina.